Nimeacha unga (heroini) miaka mitatu sasa, lakini pumzi sina. Waliopitia uteja, mapafu yenu yanaendeleaje?

Mbagala_Zakhem (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kijiweni.

Jumapili iliyopita nilijiunga na jogingi ya mtaa wetu. Fulana za njano, filimbi, nyimbo za mchakamchaka, unaijua Mbagala ya alfajiri. Nikajisemea mimi ni mtu mzima mwenye afya, nina kilo 71, zamani nilikuwa 48, kwa nini nishindwe? Tukaondoka Zakhem kuelekea Rangi Tatu. Nguzo ya umeme ya kwanza, ya pili, ya tatu, niko katikati ya kundi naimba. Ya tano nikaacha kuimba. Ya nane nikainama nimeshika magoti, nikatapika. Mzee mmoja mwenye kitambi, umri wa baba yangu, akanipita anaimba na kupiga makofi. Mama muuza maandazi akaniletea maji, akaniuliza, "Mwanangu, una pumu?"

Sina pumu. Nina historia. Nilianza na kokteli mwaka 2004, unga umechanganywa na bangi na tumbaku. Baadaye nikavuta moshi wake juu ya karatasi ya fedha ya pakti ya sigara, na kuanzia 2009 sindano. Mwaka 2015 nikaumwa TB, nikameza dawa miezi 6 nikamaliza. Sasa ni mwaka wa tatu na miezi kadhaa nakunywa methadoni kila siku, ile dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga, na unga sijagusa. Kliniki yangu sitaitaja. Nilipowaambia kuhusu pumzi, daktari aliyekuwepo akanijibu, "Shukuru Mungu upo hai." Nimeshukuru. Ila ngazi za daraja la waenda kwa miguu napumzika mara mbili.

Swali langu: ni methadoni, ni umri (nina 43), au mapafu ndiyo yamekwisha?

Mkono wa Birika

Pole mkuu. Ila na wewe, siku ya kwanza unaenda Zakhem hadi Rangi Tatu? Mimi sijawahi kubwia chochote na ningekufa nguzo ya sita.

Mzalendo_halisi

Teja ni teja tu. Mlivuta wenyewe, sasa mnataka mapafu mapya.

Bint Chumbageni

Mzalendo, kama huna la kusema pita. Mleta uzi hongera kwa miaka mitatu, wengine tunaomba mwezi mmoja tu kwa ndugu zetu hatuupati.

SistaDirishani

Kaka Mbagala, mimi ni nesi, nimekaa kwenye dirisha la methadoni, pale wanapokunywea dozi, miaka kadhaa, Dar hii hii. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Kwanza ondoa wazo kwamba methadoni imekula mapafu yako. Methadoni haichomi pafu. Inachofanya ni kuupunguzia ubongo hamu ya kuvuta hewa, kama ufanyavyo unga wenyewe na dawa zote za jamii hiyo. Kwa mtu aliyezoea dozi yake hilo linavumilika. Hatari inakuja ukichanganya na pombe au valium: hapo mtu analala, pumzi inapungua, haamki. Ndiyo maana tunawanusa mdomo asubuhi na mnatukasirikia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Unga unazuia kikohozi. Dawa nyingi za zamani za kikohozi zilikuwa za ukoo wake. Teja anaweza kuwa na TB ndani ya kifua akakohoa kidogo tu. Akija kwetu, methadoni nayo inatuliza kikohozi. Halafu inatoa jasho, kwa hiyo jasho la usiku analitupia dawa. Halafu ameanza kula vizuri, anaongezeka kilo, hakuna anayemshuku. Dalili zote tulizofundishwa za TB zimefunikwa. Kwa hiyo kwa mtu wa kundi hili mimi sisubiri wiki mbili za kikohozi. Kikohozi chochote, makohozi yaende maabara.

Wewe ulishaugua. TB ikipona inaweza kuacha kovu, na sehemu yenye kovu haivuti hewa kama zamani. Dawa zinaua wadudu, hazishoni pafu. Ongeza moshi wa unga, bangi na tumbaku miaka ile yote, njia za hewa zinabana na vifuko vya hewa vinachakaa mapema kuliko umri. Rudi hospitali uombe vitu vitatu kwa majina: makohozi, picha ya kifua, na kile kipimo cha kupuliza kwenye bomba, spairometri. Na kama dozi yako ya methadoni ni kubwa, au uliwahi kuzimia, waombe pia ECG ya moyo kabla hujarudi kukimbia, maana methadoni inaweza kuvuruga umeme wa mapigo ya moyo.

Swali moja, unijibu kwa ukweli. Sigara ngapi kwa siku?

Mbagala_Zakhem

Sista, ahsante sana. Nimesoma mara tatu.

Sigara... pakti. Wakati wa unga nilikuwa navuta fegi tano sita, hela yote ilikuwa inaenda kwenye kete (vipakiti vya unga). Nilipoacha ndio zikapanda. Wote tulioko pale kliniki tuko hivyo, ukitoka dirishani kuna duara chini ya mwarobaini, watu wanavuta kama treni. Tukisema "nimeacha" tunamaanisha unga, fegi haihesabiwi.

Tumbatu2

Hapo ndipo penyewe. Mimi niko Unguja, nilipitia sober house, nyumba ya kuachia madawa, siku hizi nasaidia vijana. Mtu anaingia na arosto, yale mateso ya kukosa unga, tunamnyang'anya kila kitu, tunamwachia sigara kwa huruma. Tunasema maskini, aondoke na kimoja kwanza. Miaka saba baadae yuko safi, anafundisha wenzake, na kifua kinalia kama paka. Nimeshazika wawili, unga hawajaugusa miaka.

Mkono wa Birika

Lakini Tumbatu, ukimnyima fegi si atarudi kwenye kete? Mtu hawezi kuacha vyote siku moja. Tuwe wakweli.

SistaDirishani

Hilo nililiamini hata mimi, tulifundishana hivyo kazini. Tafiti zinaonyesha kinyume. Walioacha sigara wakiwa kwenye matibabu ya madawa hawarudi kwa wingi kuliko wengine, wanadumu vizuri zaidi. Ukifikiria ina mantiki, fegi na kete vilikuwa vinakaa mfuko mmoja, kiberiti kimoja, masela wale wale.

Si lazima siku moja lakini. Na onyo: ukiacha, wiki za mwanzo utakohoa ZAIDI. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kwenda juu, moshi unavilemaza. Moshi ukikoma vinaamka, vinaanza kufagia takataka ya miaka. Watu wanasema "bora nilipokuwa navuta nilikuwa sikohoi", wanarudi. Usidanganyike. Ila kikohozi chenye damu au homa si ufagio, hicho kimbiza hospitali.

Mie wa Kisauni

Salaam ndugu zangu wa huko. Mie ni wa Mombasa, dawa naenda kunywa hapa hapa Kisauni. Kwetu kuna balaa la ziada, mugoka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mtu ameacha unga, jioni anakaa barazani na mugoka wake, na mugoka bila sigara hauendi, wallahi. Akimaliza fungu moja ameshavuta sigara kumi na hajui. Mie sikuweza kuacha sigara mpaka nilipoacha baraza. Nikatafuta pa kwenda saa ile ile ya jioni, nikaenda pwani. Maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu, unatembea kama lami na magoti hayaumi. Mwanzo nilikuwa naenda kama konokono, watoto wananicheka.

Kuna mtu wa fiziotherapia alinifunza kitu. Ukikata pumzi usihangaike kuvuta, hangaika kutoa. Vuta kwa pua hesabu mbili, kisha toa polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama unapoza uji, hesabu nne. Pafu lililochakaa linafunga njia kabla hewa chafu haijatoka, inabakia ndani, mpya inakosa nafasi. Ukitoa hivi njia zinabaki wazi. Kwa ngazi, toa pumzi wakati mguu unapanda. Jaribu kwenye hilo daraja lako.

KochaMchanga

Nimechelewa uzi. Nafundisha mazoezi, si daktari. Wanorwe kule Trondheim walishawahi kuwachukua watu walioko kwenye matibabu ya madawa, wakawakimbiza kwenye mashine wiki 8, mara 3 kwa wiki. Dakika 4 kasi kubwa, dakika 3 taratibu, mizunguko minne. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ukapanda kama asilimia 15. Hiyo si ndogo. Mleta uzi fanya hiyo.

Mkono wa Birika

Kocha, mtu katapika nguzo ya nane unampa dakika nne za kasi? Wale wana mashine, wana mtu amesimama pembeni na kipima mapigo. Sisi tuna vumbi la Mbagala na bodaboda.

KochaMchanga

Hahaha haya, nimekubali. Turudi kwenye nguzo basi, maana ni kipimo kizuri kuliko saa.

Wiki mbili za kwanza USIKIMBIE. Tembea nguzo nne, simama (usikae, ukikaa hutainuka), pumzi ikirudi tembea tena. Jumla dakika 20, siku tano kwa wiki. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Ukiweza kuimba unatembea kama bibi harusi. Ukishindwa kuongea umezidisha.

Baada ya hapo nguzo moja haraka, mbili polepole. Hiyo ndiyo Norwe ya Mbagala.

Na miguu. Watu wanadhani pumzi ni kifua tu. Misuli iliyonyauka kwa miaka ya unga inadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, mguu ukiwa na nguvu unadai kidogo. Kwa hiyo hata kama pafu halitarudi kuwa jipya, wewe unaweza kufika mbali zaidi kwa pafu hilo hilo. Kaa kwenye kiti bila kushika mikono, inuka, kaa, inuka, dakika moja. Andika idadi. Kila wiki rudia.

Tumbatu2

Naongeza la hatari kwa waliojidunga. Tulikuwa na kijana hapa, homa inapanda inashuka, kifua kinamchoma akivuta hewa, tukamwambia malaria, nenda kacheze mpira utoke jasho. Kumbe uchafu wa sindano umekaa kwenye valvu ya moyo upande wa kulia, unakatika vipande unaenda mapafuni. Alilazwa wiki nyingi. Ukiwa ulikuwa unajidunga, hata kama ni karibuni tu umeacha, homa na kifua kuchoma si jambo la mazoezi. Usimpe mtu jogingi.

Bint Chumbageni

Nimesoma yote nikaona niseme na mimi. Kaka yangu yuko Tanga, yuko kwenye methadoni. Mwaka juzi alikutwa na TB, akaanza dawa. Wiki ya pili arosto. Kamasi, kuharisha, halali, anatetemeka, na dozi anakunywa kila siku. Mama akasema huyu karudi kwenye unga, anatuzuga. Akafukuzwa nyumbani. Alilala stendi siku nne. Akaacha na dawa za TB, akisema ndizo zinamtesa, sisi tukamwona muongo. Baadae ndio mtu wa kliniki akatueleza kuwa dawa zinapingana. Hadi leo mama hawezi kumwangalia usoni.

SistaDirishani

Dada yangu, pole sana, na msijilaumu kupita kiasi. Kaka yako alikuwa anasema kweli.

Ni rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa. Inaliamsha ini lichome methadoni haraka, dozi iliyokuwa inatosha saa 24 inaisha mapema. Ndani ya wiki moja au mbili mtu yuko kwenye arosto kamili. Baadhi ya ARV za zamani nazo zinafanya hivyo, nevirapini na efavirenzi. Dawa yake si kuacha rifampisini, ukiacha TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Dawa yake ni dirisha la methadoni kujua siku hiyo hiyo, wapandishe dozi kidogo kidogo.

Na upande wa pili unasahaulika kabisa. Miezi 6 ikiisha, rifampisini ikikoma, ini linatulia taratibu, na ile dozi iliyopandishwa sasa inakuwa kubwa mno. Mtu anasinzia mezani, pumzi inapungua. Kwa hiyo wiki za mwanzo baada ya kumaliza TB dozi ishushwe, na nyumbani mtu amwangalie anapolala. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida na haamki ukimtikisa, mgeuzeni ubavu, mkimbizeni hospitali, waambieni anatumia methadoni ili wampe naloksoni, dawa ya kuzindua aliyezidiwa dozi.

Mzalendo_halisi

Sista hiyo ya rifampisini sikuijua. Binamu yangu tulimfanyia hivyo hivyo. Niliyosema juu nimeyafuta moyoni, humu haifutiki.

Mbagala_Zakhem

MREJESHO WA KWANZA

Nilienda hospitali nyingine. Makohozi safi, TB hakuna. Picha imeonyesha kovu juu ya pafu la kulia. Kupuliza bomba nimepuliza hadi nikaona nyota, daktari kijana wa kike kanionyesha mchoro: hewa inatakiwa itoke kama maji ya ndoo, yangu inatoka kama chupa ya asali. Njia zimebana, na dawa ya pampu imezifungua kidogo tu. Akasema nisitegemee pafu la miaka 20, ila nisipovuta tena halitashuka kwa kasi hii.

Nimepewa pampu. Kumbe nilikuwa naona watu wanaipuliza moja kwa moja mdomoni, dawa inaishia kooni. Kanifundisha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, pampu inaingia pale, mdomo wako unakaa kwenye shingo ya chupa, unavuta taratibu unashikilia hesabu kumi. Bure kabisa.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nauza chips.

Mkono wa Birika

Mkaa?

Mbagala_Zakhem

Mkaa. Saa kumi jioni hadi sita usiku, nimeinamia jiko.

Mkono wa Birika

Mkuu, unatoa moshi huku unauingiza kule. Geuza jiko upepo ukupige mgongoni, na kuwasha mkaa usipepee umeinama, washia nje uusubiri uwe mwekundu. Gesi ukipata mtaji.

Mbagala_Zakhem

MREJESHO WA PILI (wiki ya tisa)

Wakuu, nilikuwa kimya sikuwa na jipya zuri. Wiki ya tatu nilikohoa hadi mke wangu akahamia kwa watoto. Sista alisema, nikavumilia. Wiki ya nne nilivuta tatu kwenye msiba, sifichi.

Sasa hivi ni mbili kwa siku, na siku nyingine hakuna. Ile duara ya mwarobaini nimeihama, nikitoka dirishani naondoka na jamaa mwingine wa Mtoni, tunashuka daladala vituo viwili kabla na kutembea. Naye ana kifua, tunagombana nani anatembea kama bibi harusi. Kiti: nilianza na 14 kwa dakika, nimefika 23. Daraja nalipanda bila kusimama kwa ile ya kupoza uji, ingawa juu nashika chuma.

Nguzo: kutembea sihesabu tena. Kukimbia polepole, kumi na moja. Jumapili nilienda na wale wa fulana za njano, nikaanza nao, walipofika ya kumi na moja nikashuka pembeni nikatembea hadi Rangi Tatu peke yangu. Nilifika wameshakunywa supu. Yule mzee wa kitambi alikuwa amenitunzia bakuli.

Bint Chumbageni

Nimemsomea kaka yangu uzi wote kwa simu, yuko tayari kuanza kesho. TB kamaliza na dozi wameshamshushia. Ila mtaani kwake nguzo ziko mbalimbali sana na mbili zimelala. Anauliza anaweza kuhesabu minazi?

Mbagala_Zakhem

Minazi safi tu. Mwambie aanze na minne.